Monita zinavuma: kisa cha studio ya uani Tabora na fimbo mbili za ardhi

Studio yenyewe ni chumba kimoja cha uani, mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini. Ndani kuna laptopu, saundi kadi ya USB, maikrofoni moja ya kondensa, kinanda, jozi ya monita, yaani spika za studio, zenye amplifaya ndani yake, na televisheni ya inchi 32 inayotumika kama skrini ya pili. Lalamiko ni moja: monita zinavuma. Mvumo ni mzito, haupandi wala haushuki, na juu yake kuna ukwaruzo kidogo. Unaanza mara tu monita zinapowashwa, hata kama hakuna kinachopigwa.

Kwa muda mrefu ulivumilika, maana biti ya Bongo Fleva inaufunika. Kwaya ndiyo iliyouumbua. Waimbaji wakituliza sauti au wakivuta pumzi, mvumo unabaki peke yake. Prodyuza akaamini umo ndani ya rekodi, akaukata kwa ikwalaiza kuanzia hezi 50 hadi 200. Kwenye monita haukuondoka, ila wimbo ulipopigwa kwenye spika za kanisani, sauti ya besi ilikuwa imekonda kama haikuimbwa kabisa. Alikata kitu ambacho hakikuwa kwenye rekodi, akakata na besi ya kwaya pamoja nacho.

Kabla uchunguzi haujaanza, fedha zilikuwa zimeshatumika: stabilaiza, chaja mpya ya laptopu, na kebo mpya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka saundi kadi hadi monita. Kisha mtu mmoja akashauri pini ya ardhi ya plagi ya monita ya kushoto ikatwe. Ilikatwa, na monita ya kushoto ikanyamaza. Ya kulia ilikuwa inasubiri zamu yake. Hilo la pini tutalirudia, maana ndilo lililokuwa la hatari kuliko yote.

Kuutambua mvumo wenyewe

Umeme wa Tanzania ni volti 230, hezi 50. Mwanamuziki hahitaji kifaa cha maabara kuupima mvumo wa namna hii: apige noti ya G ya chini kwenye kinanda, ile ya hezi 49, kisha G ya juu yake ya hezi 98. Mvumo ukikaa juu kidogo tu ya noti hizo, umetoka kwenye umeme wa ukutani. Monita yenye spika ya inchi tano haitoi hezi 50 vizuri, hivyo kinachosikika zaidi ni ndugu zake: 100, 150 na 250. Ukwaruzo unatoka huko juu, nao husababishwa zaidi na vifaa vyenye pawa saplai za kisasa, ambavyo havivuti umeme kwa ulaini.

Kuna kelele nyingine zinazofanana na hii lakini si za ukoo wake. Simu ikiwa karibu na kebo hutoa mlio wa kukatakata kabla haijaita. Gitaa la umeme linalovuma na kutulia ukigusa nyuzi, au ukigeuka kuelekea upande mwingine, lina shida ya pikapu na kinga yake. Regyuleta ya feni ya dari hutoa mkoromo unaobadilika ukizungusha kitufe. Katika kisa hiki simu zilitolewa nje, feni ikazimwa, gitaa halikuwepo. Mvumo ulibaki vilevile.

Umeingilia wapi

Hapa kuna majaribio matatu ya bure, na yanaokoa siku nzima ya kuhangaika.

La kwanza ni hedifoni kwenye saundi kadi. Zilikuwa safi kabisa. Maana yake rekodi ni safi, maikrofoni ni safi, na tatizo liko baada ya saundi kadi, kwenye njia ya kwenda monita. Prodyuza angefanya jaribio hili kabla ya kugusa ikwalaiza, kwaya isingepoteza besi.

La pili: kitufe cha sauti cha saundi kadi kikashushwa hadi sifuri. Mvumo haukupungua hata chembe. Kwa hiyo hautoki ndani ya saundi kadi, unaingia baada ya kitufe hicho.

La tatu: kitufe cha sauti nyuma ya monita yenyewe kikashushwa. Mvumo ukashuka nacho. Basi unaingia kupitia tundu la sauti la monita na kukuzwa na amplifaya pamoja na muziki. Ungekuwa unatoka kwenye pawa saplai mbovu ya monita, kitufe hicho kisingeuathiri, na kung'oa kebo ya RCA kusingeunyamazisha. Ilipong'olewa, kimya.

Kilichobaki ni kebo ya RCA. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inabeba mkondo usio wake. Kebo ya RCA ina waya wa katikati na wavu wa nje, na wavu huo una kazi mbili kwa wakati mmoja: ni kinga dhidi ya kelele, na pia ni njia ya kurudia ya muziki wenyewe. Mkondo wowote wa umeme ukipita kwenye wavu, unaacha volti kidogo kati ya ncha moja na nyingine, na monita haina namna ya kutofautisha volti hizo na muziki. Inazikuza zote.

Kwa nini mtu anayetoa kifaa kimoja kimoja anadanganyika

Mwenye studio alikuwa ameshajaribu kutafuta chanzo kwa njia ambayo wengi wanaitumia: ng'oa kifaa kimoja, sikiliza, rudisha, ng'oa kingine. Alipong'oa chaja ya laptopu mvumo ulipungua sana lakini haukuisha. Akahitimisha kwamba chaja ni mbovu na ina msaidizi fulani, akanunua chaja mpya. Hali ikawa ileile.

Njia hiyo inafaa pale ambapo kitanzi, yaani njia ya mkondo kuzunguka kutoka ardhi moja hadi nyingine kupitia kebo ya sauti, ni kimoja. Vikiwa viwili, kila unachong'oa kinapunguza tu, na kila kitu kinaonekana kuwa na hatia kidogo. Kinachotakiwa ni kinyume chake: vua mfumo wote ubaki na monita tupu, kisha rudisha kimoja kimoja, na kila kinacholeta mvumo kiondolewe tena kabla ya kujaribu kinachofuata.

Kwanza plagi ya monita ya kushoto ilifungwa mpya yenye pini zote tatu, na monita zote mbili zikarudi kwenye hali ya kawaida. Halafu mpangilio ukaenda hivi. Monita tu, bila kebo ya sauti: kimya. Kebo za RCA kutoka monita hadi saundi kadi ambayo haijaunganishwa na chochote: kimya. Saundi kadi kwenye laptopu inayotumia betri, bila chaja, bila HDMI: kimya. Chaja ikachomekwa: mvumo mkubwa ukarudi papo hapo. Chaja ikatolewa, HDMI ya kwenda kwenye televisheni ikachomekwa: mvumo mwingine, mdogo kuliko wa kwanza na wenye ukwaruzo zaidi. Kebo ya dishi ikafunguliwa nyuma ya king'amuzi kilichounganishwa na televisheni hiyohiyo: kimya.

Vitanzi viwili basi. Kimoja kinapitia pini ya ardhi ya chaja, kingine kinapitia dishi.

Volti mbili na ushee

Chumba cha studio kilikuwa na soketi moja ya matundu mawili, na yote yalikuwa yameshajaa: chaja kwenye tundu moja, ekstensheni ya televisheni, king'amuzi na kinanda kwenye lingine. Monita zikawa zinapata umeme kutoka sebuleni, kwa ekstensheni ndefu inayopita dirishani. Jambo la kawaida kabisa, na ndilo lililofunga kitanzi.

Kipimo kilifanyika hivi. RCA zote mbili ziling'olewa kwenye monita, mita ikawekwa kwenye volti za AC, ncha moja ikagusa pete ya nje ya kebo ya kulia na nyingine ikagusa pete ya tundu la monita ya kulia. Ikasoma volti 2.2. Hizi pete mbili zote zimeungwa na pini za ardhi, moja ya soketi ya studio, moja ya soketi ya sebuleni. Zingekuwa zimefika kwenye ardhi moja, mita ingesoma karibu na sifuri.

Tahadhari: anza na volti siku zote, na ukikuta makumi ya volti, acha, usiunganishe chochote, ita fundi umeme. Hapo kuna waya wa ardhi uliokatika au kifaa kinachovujisha umeme kwenye bodi, na hiyo si kazi ya prodyuza. Jambo la pili ni mita yenyewe. Zile za bei nafuu za aina ya DT-830 zina masafa mawili tu ya AC, dogo kabisa likiwa volti 200, na chini ya volti moja usiziamini. Tafuta yenye masafa madogo ya volti chache za AC.

Baada ya hapo ilitumika rezista ya omu 100, robo wati, ikiunganisha pete zile mbili, na mita ikapima volti zilizo juu ya rezista. Ikasoma 0.60. Hesabu ni rahisi: volti 0.60 kwa omu 100 ni miliampia 6. Volti zilizopotea, yaani 2.2 ukitoa 0.60, ni 1.6, na 1.6 kwa miliampia 6 ni takriban omu 267. Huo ndio ukinzani wa njia nzima nje ya rezista, na karibu wote umo ndani ya udongo. Kwa rezista ya bei ya pipi umepata jumla ya ukinzani wa fimbo mbili za ardhi, yaani vyuma vilivyozikwa udongoni ambako nyaya za ardhi za soketi hizo zinaishia, bila kukodi kipima ardhi. Kila fimbo peke yake huwezi kuijua kwa njia hii, lakini jumla inatosha kusema kama kuna tatizo.

Kebo ya RCA ikirudishwa mahali pa rezista, mkondo unakuwa volti 2.2 kwa omu 267, yaani zaidi kidogo ya miliampia 8. Wavu wa kebo ya mita tatu ya kawaida pamoja na migusano yake ni kama omu 0.1. Kwa hiyo kelele inayoongezwa kwenye muziki ni milivolti 0.8. Vifaa vya nyumbani vinavyotumia RCA hufanya kazi kwenye kiwango cha milivolti 316 hivi, na 0.8 iko desibeli 52 tu chini yake. Kwenye biti nzito hutaisikia. Kwenye kwaya inayovuta pumzi, utaisikia kuliko unavyotaka. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini kebo mpya za RCA hazikusaidia: zilikuwa na wavu wa namna ileile. Na stabilaiza isingeweza kusaidia kamwe, maana inarekebisha volti kati ya fezi na nyutro, haigusi ardhi.

Chini ya udongo

Fundi umeme alipofika aliuliza swali moja tu kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Fimbo ya ardhi ya nyumba kubwa iko wapi?"

"Marahaba. Iko upenuni pale, nyuma ya tangi. Ya studio alizika fundi mwingine, kule bafuni."

Fimbo mbili, mafundi wawili, na hakuna waya unaoziunganisha. Chumba cha uani kilivutiwa fezi na nyutro tu kutoka nyumba kubwa, na aliyefunga akaona ni rahisi kuzika fimbo mpya kuliko kuvuta waya wa tatu. Fimbo hiyo imezikwa kando ya shimo la maji ya bafu, mahali penye unyevu mwaka mzima. Ya nyumba kubwa ina urefu wa mita 1.2, imezikwa upande wa jua, kwenye mchanga wa Tabora unaokauka hadi chini wakati wa kiangazi. Kipima ardhi cha fundi kilitoa omu 220 kwa ya nyumba kubwa na 45 kwa ya bafuni. Jumla 265, karibu sawa na ile ya rezista.

Sasa fuata mkondo. Friji, televisheni ya sebuleni, pampu ya maji na kila kifaa chenye plagi ya pini tatu huvujisha kidogo kuelekea waya wa ardhi kupitia kapasita za kuchujia kelele. Ni kawaida, na kwa nyumba hii jumla yake ilikuwa miliampia kumi hivi. Mkondo huo unatafuta udongo. Fimbo ya upenuni ina omu 220, ni njia ngumu. Lakini kuna ekstensheni inayopita dirishani, inafika kwenye monita, kutoka monita kuna wavu wa RCA, saundi kadi, USB, laptopu, pini ya ardhi ya chaja, na hatimaye fimbo ya bafuni yenye omu 45 tu. Zaidi ya robo tatu ya uvujaji wa nyumba nzima ulikuwa unapitia kebo ya muziki kwenda bafuni.

Ndiyo maana mwenye studio alikuwa anasema mvumo hupoa kidogo wakati wa mvua. Mvua zikianza Novemba, mchanga wa upenuni unalowa, ukinzani wa fimbo ya nyumba unashuka, na sehemu kubwa zaidi ya mkondo inashuka hapohapo. Haupotei, unapungua kwa desibeli chache tu, lakini unatosha kumfanya mtu aamini kwamba ile stabilaiza aliyonunua Oktoba imesaidia.

Upenuni penyewe palihitaji kuonekana. Fundi alifukua kiasi cha kiganja kimoja. Waya wa kijani na njano haukuwa umefungwa kwa klampu, ulizungushwa mara tatu kwenye kichwa cha fimbo na kufunikwa na mota ya saruji. Shaba ilikuwa imeota ukijani na kuvimba. Alipouvuta kwa vidole viwili, mizunguko miwili ilikatika na kubaki mkononi. Kuzunguka fimbo kulikuwa na mabaki ya mkaa, na chumvi ilikuwa imeshasombwa na maji ya paa zamani. Chumvi na mkaa hushusha ukinzani kwa msimu mmoja au miwili, lakini chumvi hiyohiyo inakula shaba na chuma. Klampu ya shaba na fimbo ndefu zaidi ni matumizi bora ya fedha hiyo: ukiunganisha fimbo mbili za mita 1.2 wima, kwenda chini mita 2.4, ukinzani unashuka karibu nusu, na mara nyingi zaidi ya hapo, kwa sababu chini kuna unyevu usiofikiwa na kiangazi.

Pini iliyokatwa

Mtu aliyekata pini alipata alichotaka: kitanzi kilikatika na monita ikanyamaza. Alichokata pia ni njia pekee ya umeme kukimbilia ardhini endapo pawa saplai ya monita ingepasuka na fezi kugusa bodi ya chuma. Bila pini, njia inayobaki ni wavu wa RCA. Umeme wa volti 230 ungepita humo hadi saundi kadi, laptopu, bodi ya maikrofoni, na kwenda kwenye fimbo ya bafuni. 230 kwa omu 45 ni kama ampia 5. Fyuzi ya plagi ni ampia 13. Haikatiki. Mwimbaji ana mdomo kwenye maikrofoni na miguu kwenye sakafu ya saruji.

Na hata pini ikiwepo, nyumba hii haikuwa salama. 230 kwa omu 220 ni ampia moja. Breka ya ampia 32 haitajua kwamba kuna kitu kimetokea, itaendelea kupitisha umeme huku bodi ya friji ikiwa na umeme. Kwenye udongo wa mchanga, fimbo peke yake haiwezi kukatisha breka. Kazi hiyo ni ya RCD ya miliampia 30, inayolinganisha mkondo unaotoka kwenye fezi na unaorudi kwenye nyutro na kukata pale vinapotofautiana. Meini swichi ya nyumba hii haikuwa nayo. Ndicho kitu cha kwanza kilichofungwa, kabla ya kushughulikia mvumo, na ndivyo inavyopaswa.

Kilichofanyika

Jioni ileile, bila gharama: ekstensheni ya dirishani ilitolewa, na vifaa vyote vikahamia kwenye ekstensheni moja nzuri yenye pini za ardhi, iliyochomekwa kwenye soketi ya studio. Watu huogopa kwamba soketi moja italemewa. Jumlisha: monita mbili za wati 80 kila moja, laptopu 65, televisheni 60, king'amuzi 15, kinanda 12. Ni wati 312, chini ya ampia moja na nusu. Soketi ina uwezo wa ampia 13. Kinachoilemea ni jagi la kuchemshia maji na pasi, na hivyo havina kazi studio. Volti kati ya pete zilishuka kutoka 2.2 hadi chini ya 0.01, na mvumo mkubwa ukaisha.

Siku iliyofuata, kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA: waya wa shaba wa kijani na njano, milimita za mraba 10, mita 14 ndani ya bomba la plastiki lililozikwa, kutoka baa ya ardhi ya meini swichi hadi studio. Fimbo ya bafuni haikung'olewa, iliunganishwa humohumo, na ile ya upenuni ikafungwa klampu mpya. Fimbo mbili zilizounganishwa sasa zinafanya kazi kama moja, kwa takriban omu 37. Waya huo wa mita 14 una ukinzani wa omu 0.026 hivi, kwa hiyo miliampia 8 zilezile zikipita humo zinaacha milivolti 0.2 kati ya nyumba na studio, badala ya volti 2.2. Hata mtu akija kupitisha ekstensheni dirishani tena, mvumo hautarudi kama ulivyokuwa.

Halafu dishi. Nguzo yake ni bomba la chuma lililosimikwa kwenye udongo wa uani, na wavu wa kebo ya dishi unaunganisha bomba hilo na king'amuzi, HDMI, televisheni, laptopu. Ni fimbo ya tatu ya ardhi ambayo hakuna aliyeihesabu. Madukani kuna viunganishi vidogo vya kukata kitanzi kwenye kebo ya antena, lakini angalia kabla ya kununua: vingi vina kapasita ndani zinazozuia umeme wa DC, na LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, inaishi kwa volti 13 au 18 za DC zinazopandishwa na king'amuzi kupitia kebo hiyohiyo. Ukikiweka, mvumo unaisha na picha inaisha. Suluhisho la kudumu ni kuunga wavu wa kebo ya dishi na nguzo yake kwenye ardhi ileile ya nyumba, kabla kebo haijaingia ndani. Hapa king'amuzi kilirudishwa sebuleni. Studio ya kurekodia haihitaji mpira wa wikiendi, ingawa mwenye studio hakukubaliana na hoja hiyo kwa furaha.

Kulibaki mlio mwembamba wa juu, unaobadilika ukisogeza kipanya au laptopu ikifungua faili kubwa. Huo ni wa chaja na saketi za laptopu, na hauishi kwa kurekebisha fimbo za ardhi, kwa sababu kitanzi chake ni kifupi: kutoka pini ya chaja hadi pini ya monita, kwenye ekstensheni hiyohiyo. Dawa yake ni kuacha RCA. Saundi kadi ilikuwa na matundu ya TRS (jeki yenye ncha, pete na shina) yenye balansi, monita zilikuwa na XLR (plagi ya duara yenye pini tatu), na RCA zilitumika kwa kuwa tu ndizo zilizokuja ndani ya boksi. Kebo ya balansi ina nyaya mbili za muziki na wavu pembeni; monita inasikiliza tofauti kati ya nyaya mbili, na kelele iliyoingia kwa zote sawasawa inajifuta. Wavu haubebi tena muziki. Ukichomelea mwenyewe: ncha ya TRS kwenda pini 2 ya XLR, pete kwenda pini 3, shina kwenda pini 1. Usitumie jeki ya TS ya gitaa kwenye tundu hilo, inaingia vizuri na inakurudisha ulikotoka.

Kama saundi kadi ina RCA tu na monita ina XLR, bado kuna njia. Tumia kebo yenye nyaya mbili ndani ya wavu. Waya wa kwanza uunge ncha ya RCA na pini 2. Waya wa pili uunge pete ya RCA na pini 3. Wavu uunge pini 1 upande wa monita peke yake, na upande wa RCA uukate na kuufunika kwa utepe ili usiguse kitu.

Kwa aliyepanga chumba na mwenye nyumba hataki kuchimbiwa uani, kuna transfoma za sauti za uwiano wa 1:1, zinazopitisha muziki kwa sumaku bila waya kugusana. Zinakata kitanzi bila kugusa pini ya ardhi. Vile viboksi vidogo vya maduka ya redio za magari ni vya namna hiyo, ila transfoma zake ni ndogo na hukwangua besi, kwa hiyo vinafaa kuthibitisha kwamba tatizo ni kitanzi kuliko kuchanganyia muziki. Boksi la DI, yaani la kuunganishia ala kama kinanda, lenye transfoma nzuri na swichi ya kukata wavu linafaa zaidi upande wa kinanda. Vikatizi vya USB navyo vipo, lakini vingi vya bei nafuu vinaishia megabiti 12 kwa sekunde, na saundi kadi nyingi za sasa zinahitaji USB 2.0 ya 480. Ukikichomeka, laptopu inaweza isiione kadi kabisa.